Tarehe 25 Julai: mashujaa wetu wana majina

Kila ikifika tarehe 25 Julai mi najitahidi niwe karibu na TV asubuhi, na kama niko kazini basi ntatafuta hata simu ya mtu niangalie, manake ile shughuli ya Siku ya Mashujaa kule Dodoma sikubali inipite. Naipenda kwa dhati kabisa. Napenda ule utaratibu wenyewe, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale, afu anakuja mzee kwa niaba ya wapiganaji wa zamani, anatembea pole pole na suti yake na nishani kifuani, anaweka shoka. Pale kwenye shoka ndo machozi huwa yananitoka. Silaha za babu zetu zinawekwa na mtu ambaye mwenyewe alishika bunduki, tarumbeta linalia, watu wamesimama kimya, viongozi wa dini wanaomba dua mmoja baada ya mwingine.

Ikishaisha TV inarudi kwenye mziki na matangazo, na hapa Tanga ukitoka nje Ngamiani huwezi kujua kama leo kulikuwa na jambo. Si siku ya mapumziko, watu wako kwenye mihangaiko yao, bajaji zinapita, mama muuza vitumbua anafunga. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua nimekaa nalo moyoni muda mrefu na leo nalisema: katika shughuli yote ile ya heshima, sisikii majina. Tunasema mashujaa, mashujaa wetu, mashujaa waliomwaga damu, na ni kweli walimwaga, lakini mama wa mtu hakumzaa shujaa, alimzaa mtoto akampa jina, akamfanyia akika au akambatiza, na huko kwao Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe, bado wapo watu wanaolijua hilo jina. Ila wanazeeka. Wengine washaondoka nalo.

Na sisi watu wa Tanga tungepaswa kuwa wa mbele kwenye hili jambo kwa sababu tunalala na kuamka kwenye uwanja wa vita. Watoto wanaenda kuogelea Raskazone kila wikiendi, wachumba wanapiga picha kule, na wengi hawajui kwamba kwenye vita kuu ya kwanza, enzi ya Mjerumani hapa, usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 pale pale ndo walikuwa wanashushwa askari kutoka India, gizani, kwenye mikoko, maji yakiwa ya kiunoni, watu waliokaa melini tangu katikati ya Oktoba wakitapika tu. Jenerali wao aliitwa Aitken, Mwingereza, alikuja na jeshi la watu kama 8,000 akiamini Tanga ataichukua kama anaokota embe. Mbaya zaidi ni kwamba Waingereza walitoa taarifa kwanza. Tarehe 2 meli yao ya kivita ya Fox iliingia bandarini, nahodha akataka mji usalimishwe, yule bwana DC wa Kijerumani akaomba muda wa kushauriana na wakubwa zake, na muda ule ule reli ikawa inafanya kazi. Si unajua reli ya Tanga ilikuwa ishafika Moshi tangu 1911? Basi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipakia askari wake kwenye mabehewa huko Moshi akawashusha hapa, jumla walikuwa kama elfu moja tu, wengi wao Waafrika, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani.

Tarehe 4 ndo mziki wenyewe. Waingereza na Wahindi wakaanza kutembea kutoka Raskazone kuja mjini kupitia kwenye mashamba na vichaka, jua kali, hawaoni mbele. Kuna kikosi cha Kiingereza cha Lancashire na watu wa Kashmir walifika mpaka mitaani, wakapigana nyumba kwa nyumba, lakini vikosi vingine vilishasambaratika nyuma, na katikati ya risasi zile mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye miti ikapigwa, nyuki wakatoka wakawavamia watu wa pande zote mbili. Hii ya nyuki kila mtoto wa Tanga kaisikia, mpaka wengine wanadhani vita yote ilikuwa ya nyuki. Hapana. Kwa upande wa Waingereza walikufa watu 360, ukijumlisha na majeruhi na waliopotea wanafika zaidi ya 800. Upande wa Wajerumani waliokufa hawakufika hata mia. Tarehe 5 jeshi likarudi melini, likaacha ufukweni bunduki mamia na risasi zaidi ya laki tano, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia kuendelea kupigana.

Makaburi ya vita ile yapo hapa hapa mjini. Yanatunzwa na ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na mi nasema wazi kwamba nawaheshimu kwa hiyo kazi, majani yanakatwa, ukuta unapakwa rangi, zaidi ya miaka 100 imepita na bado kuna mtu analipwa kuhakikisha kaburi la kijana aliyekufia mbali na kwao halimezwi na pori. Ukisimama pale huwezi kuchukia. Wale Wahindi waliokuja kufa Tanga hawakuwa na ugomvi wowote na Tanga. Waliitwa na mfalme wa watu wengine wakaja. Mi huwa nawasomea Fatiha, na wasio Waislamu nawaombea kwa namna ninayojua.

Lakini kile kinachoniuma kiko nje ya ukuta ule. Vita haikuishia Tanga, Januari 1915 ikapigwa Jasini pale Mkinga mpakani, Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga wakaishika, afu ikawa kukimbizana nchi nzima mpaka Msumbiji mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Ulaya wamesimamisha vita tarehe 11 Novemba 1918 huku kwetu bado watu wanapigana, habari ikamfikia Lettow-Vorbeck siku mbili tatu baadaye, akaja kusalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Sasa jiulize, miaka yote hiyo katika nchi isiyo na barabara, farasi na ng'ombe wanakufa kwa ndorobo, hizo risasi na unga na mahema na mizinga ilibebwa na nani? Ilibebwa kichwani. Wapagazi. Vijana waliochukuliwa vijijini, wengine kwa ahadi ya mshahara, wengine walikamatwa tu usiku wakafungwa kamba, pande zote mbili zilifanya hivyo. Na maradhi na mateso yaliua hawa watu kuliko risasi zilivyoua askari: kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, kubebeshwa mzigo mtu anaumwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu inayotajwa ni wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa. Upande wa Wajerumani hata hesabu haikutunzwa.

Tisini elfu jamani. Ujaze uwanja wa Mkwakwani mara ngapi.

Pale Dar es Salaam kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, kuna maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri gari za Posta, nikayasoma, na kila nikifika kwenye hayo maneno ya jina nasimama. Watakumbuka jina lipi wakati nyie wenyewe mliokuwa mnawalipa hamkuliandika? Na hili si langu peke yangu. Mwaka 2021 ile Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 116,000 na pengine mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya kibaguzi ya wakati ule yalichangia. Waliomba radhi. Serikali ya Uingereza nayo iliomba radhi bungeni.

Na radhi yao haikuishia mdomoni, hili nataka lisemwe pia. Januari 2025 kule Cape Town ulizinduliwa mnara wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita ya kwanza, wengi wao walikuja kufia huku huku Afrika Mashariki. Hawakujenga sanamu. Walichimbia nguzo za mvule, mvule huu huu wetu, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Majina 1,772. Mtu anatoka huko kwao anatembea kati ya zile nguzo mpaka anampata babu yake, anamshika. Nilipoona picha zake nilikaa muda mrefu na simu mkononi. Nikasema kumbe inawezekana, miaka zaidi ya 100, na bado inawezekana.

Sasa turudi nyumbani, manake sitaki ionekane nadai wageni tu. Sisi pwani kumbukumbu ya majina tunayo kwenye damu, tena ya zamani kuliko mnara wowote. Khitma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kila ikikaribia Ramadhani anafanya khitma nyumbani, na kabla ya siku yenyewe anaita mmoja wetu anayejua kuandika vizuri, anakaa kwenye mkeka anaanza kutaja marehemu wake, huku anahesabu kwa vidole, na wewe unaandika kwenye karatasi. Karatasi ile anapewa sheikh. Wakimaliza kusoma Kurani inasomwa orodha, jina na la baba yake, jina na la baba yake, na wale wazee waliokaa barazani wanaitikia. Pilau baadaye. Sisi watoto tulikuwa tunangoja pilau lakini masikio yalikuwa yanasikia, ndo maana mpaka leo hiyo orodha naijua kwa kichwa.

Ndani ya ile orodha kulikuwa na mtu mmoja ambaye bibi alikuwa akimfikia anapunguza sauti. Kaka yake. Hakuwahi kuwa na kaburi. Alikwenda keya, yaani King's African Rifles na majeshi yale ya mfalme ya vita ya pili, sisi huku wote walikuwa wanaitwa keya, ila yeye alikuwa upande wa mizinga mikubwa. Bibi alikuwa binti mdogo. Alichokikumbuka ni kaka yake kuja likizo na viatu vikubwa vinavyolia kwenye sakafu, na kofia, na kumletea sukari guru, halafu akaaga anakwenda Mombasa kupanda meli. Basi. Baadaye ikaja barua nyumbani, akaitwa mwalimu kuisoma.

Nimekua nikiisikia hiyo habari kama habari ya nyumbani tu, mpaka nilipoanza kusoma mwenyewe kuhusu meli ya Khedive Ismail. Hii meli iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa katika msafara wa meli kadhaa, imebeba watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Field Regiment ya 301. Kulikuwa na manesi pia. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa torpido mbili. Ilizama kwa dakika chache sana, wengi walikuwa chini ndani. Walikufa watu 1,297. Vijana wa huku, wengi wao wa bara hawajawahi hata kuiona bahari kabla ya kufika Mombasa, wakafia katikati ya Bahari ya Hindi.

Majina yao yameandikwa Nairobi, kwenye mnara ulioko ndani ya makaburi ya vita barabara ya Ngong. Na kwenye intaneti pia, ile Tume ina orodha yake ambayo mtu yeyote anatafuta bure. Nilitafuta jina la kaka yake bibi. Lipo. Limeandikwa vibaya herufi moja, kama alivyoliandika karani wa Kizungu, lakini la baba yake liko sawa na tarehe ni ile ile 12 Februari. Bibi alikuwa ameshafariki. Nilimpelekea mama, akavaa miwani, akaliangalia kwenye simu, akasema, "Ndo huyu. Mwambie sheikh mwaka huu asome na ya baharini." Kuna dua yake, ya waliokufa kwa kuzama, na dini yetu inawahesabu mashahidi.

Nimeeleza hii kwa kirefu kwa sababu nataka muone tofauti. Ukiniambia "wanajeshi wa Kiafrika walishiriki vita kuu ya pili", nimekusikia. Ukinisomea jina la mtu ambaye bibi yangu alikuwa anampunguzia sauti, hapo na mimi nina msiba.

Na kuna mashujaa ambao hawajafa. Hawa ndo wananipa haraka.

Mjomba wangu yuko Pongwe, nje kidogo ya mji, ana migomba na minazi michache na mbuzi. Alipigana Kagera. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa jeshi na hakuwa hata na miaka 25, Amin akavuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, akachukua eneo lote mpaka mto Kagera, akatangaza ni lake, daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema yale maneno ambayo kila Mtanzania anayajua hata aliyezaliwa juzi, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mjomba anasema waliyasikia kwenye redio kambini wakapiga kelele mpaka usiku. Wakapelekwa Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli, wakashuka Bukoba, na kuanzia pale ni miguu. Watu wanadhani natia chumvi nikisema miguu. Jeshi letu lilitembea. Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala, magari yalikuwa ya mizinga na chakula na majeruhi, watu walitembea kwenye matope ya masika wakiwa na mizigo mgongoni.

Mambo ya Lukaya huwa hayasimulii ovyo. Barabara pale inapita kwenye kinamasi, usiku wa tarehe 10 Machi 1979 wakakutana na jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, maroketi yakaanza kushuka, watu wakatawanyika gizani. Alfajiri wakajipanga upya, brigedi nyingine ikazunguka kwa nyuma, na kufika mchana wa tarehe 11 mambo yalikuwa yamegeuka. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikawa mikononi mwetu. Mjomba akifika Lukaya anaruka anaenda Kampala moja kwa moja, anacheka, anasimulia Waganda walivyokuwa wanawabeba juu juu mitaani na kuwapa ndizi. Lakini kilichotokea usiku ule kiko kwenye kauntabuku.

Hiyo kauntabuku nimeionyeshwa. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia siku ya tarehe 25 hiyo hiyo, nikamkuta kavaa koti na bereti, nishani ameshaibandika, na redio iko pembeni. "Shikamoo mjomba." "Marhaba mjomba wangu, kaa." Shughuli ya Dodoma ilipoisha akaingia ndani akatoka na sanduku dogo la bati, akafungua, vyeti vya jeshi viko kwenye mfuko wa nailoni, picha mbili za rangi nyeusi na nyeupe, na kauntabuku ambayo jalada lake limeshatoka. Akafungua, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Hakuwa ananisomea mimi. Alikuwa anasoma tu, nadhani ndivyo anavyofanya kila mwaka, mi nilibahatika kuwepo.

Ameandika kwa bairo ya bluu, kwa ule mwandiko wa shule za zamani ulioinama. Jina, kwao, mahali. Wa Lushoto, Mutukula. Wa Tunduru, njia ya Masaka, malaria. Wa Pangani, Lukaya. Wa Musoma, Lukaya. Wa Lukaya ni wengi. Halafu mistari mingine haina jina kamili kwa sababu jeshini watu wanaitana majina ya utani, kwaiyo imeandikwa "Mwalimu, wa Handeni, alikuwa anatuandikia barua", na mwingine "Yule mrefu wa Kilosa". Alipofika kwa yule mrefu wa Kilosa akasimama, akafikiri, akaguna, akaendelea. Miaka 40 na zaidi anatafuta jina la yule mtu kichwani mwake. Nikamuuliza, "Mjomba, familia zao zinajua?" Akasema, "Taarifa walipata. Lakini taarifa ni karatasi. Hakuna aliyewaendea akawaambia mtoto wenu alikuwa anaimba vizuri."

Majina yenyewe siyaandiki hapa, sijaongea na wenyewe.

Waliokufa katika vita ile wengi wamezikwa Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, kuna makaburi ya heshima yamepangwa safi na jeshi linayatunza vizuri sana. Waliokufa kwenye mapambano ya kusini wakati tunawasaidia ndugu zetu wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Kutoka Tanga mpaka Kaboya ni nchi nzima unaivuka, mama wa Pangani wa mwaka 1979 hakwenda, nauli ilikuwa haipo, na tukumbuke nchi yenyewe baada ya vita ilikuwaje, foleni za sukari, sabuni za magendo, unga wa yanga. Wazazi wengi wamekufa hawajaona kaburi la mtoto wao. Na hilo silisemi kwa lawama, maiti zaletwaje mamia kwa mamia vitani? Nasema ndo ilivyokuwa, na kwa sababu kaburi liko mbali, jina lilitakiwa liwe karibu.

Na hao waliorudi, wanaishi kati yetu. Mzee anayekaa kwenye benchi la dawa hospitali tangu saa kumi na moja asubuhi, yule anayeuza mkaa, mlinzi wa usiku wa godauni, hujui. Mjomba aliwahi kuzungushwa na ofisi moja kuhusu pensheni yake, njoo kesho njoo keshokutwa, na kijana wa dirishani akamuuliza "mzee ulikuwa jeshi gani hilo?" Aliniambia kile kiswali ndo kilimuuma, hela ilikuja kupatikana. Kwangu mimi heshima kwa mkongwe inaanzia hapo dirishani, kabla ya gwaride. Umpishe kwenye foleni. Umwite kwa cheo chake. Ukimkuta kavaa bereti yake tarehe 25 msimamishe, msalimie, muulize alikuwa kikosi gani, na ukae usikilize jibu lote.

Vijana wa siku hizi nao wanakufa, tusije tukadhani ni habari za zamani. Julai 2013 Darfur waliuawa walinda amani wetu 7. Desemba 2017 kule Semuliki, mashariki mwa Kongo karibu na Beni, kambi ilishambuliwa usiku na wakauawa wasiopungua 14, Umoja wa Mataifa wenyewe wakasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wao kwa miaka mingi. Nakumbuka yale majeneza yakishushwa kwenye ndege yamefunikwa bendera, mtaani kwetu vibanda vyote vya chipsi vilikuwa vimewasha TV na hakuna aliyekuwa anaongea. Ila kuna kitu kilikuwa tofauti mara ile. Majina yalitoka. Yalikuwa gazetini, kwenye wasapu, na picha zao, huyu ameacha mke na mtoto mchanga, huyu alikuwa arudi mwezi ujao. Watu walilia kwa majina. Hicho ndo ninachokitaka kwa wale wa nyuma.

Kwaiyo ombi langu kwa watu wa mkoa huu ni hili. Tuandike orodha ya Tanga. Wapagazi wa 1914 tutapata wachache, najua, lakini kuna ukoo bado unasimulia kwamba babu yetu fulani alichukuliwa na Wajerumani akabebeshwa mzigo hakurudi, huyo anatosha, aandikwe. Keya waliokwenda Abisinia, Madagaska na Bama, aandikwe. Kagera, Msumbiji, Darfur, Kongo. Na tunayo pale mjini boma la zamani ambalo wale wa Urithi, wanaohifadhi historia ya Tanga, wamelifanya makumbusho, sehemu ya kuiweka ipo, kitabu kikubwa kimoja mezani kinatosha kuanzia. Halafu ikifika tarehe 25 Julai, wakati Dodoma wanaweka mkuki na ngao, sisi huku tusome majina, msikitini baada ya adhuhuri, na makanisani kwa wakati wao. Wakristo tayari wana tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu wote, na ni siku ile ile meli ya Fox iliyoingia bandarini kwetu, hata hiyo inafaa.

Kama una mzee nyumbani, nenda naye wiki hii. Muulize jina kamili la mtu na la baba yake, na la mama yake kama analijua, manake majina ya Juma Ali ni mengi. Kijiji alichotokea kwa jina la zamani, vingine vilibadilika wakati wa vijiji vya ujamaa. Jeshi gani, mwaka gani aliondoka, aliondokea kituo gani. Namba ya jeshi ikiwepo ni dhahabu, tafuta kwenye barua, kwenye cheti, wakati mwingine imechongwa nyuma ya nishani. Kwa wa keya tafuta jina kwenye ile orodha ya Tume kwa kubadilisha herufi, weka R panapokaa L, ondoa H, jaribu na jina moja tu bila la baba, makarani wale waliandika walivyosikia. Rekodi sauti ya mzee akilitamka mwenyewe. Na kama kuna mtu anamjua kijana mrefu wa Kilosa aliyekwenda Kagera na hakurudi, mjomba yuko Pongwe, anasubiri.